Kukopa Kumi

Jumatatu niliwafundisha kukopa.
Thelathini na mbili, toa kumi na tano.
Mbili ni fukara, hana tano ya kutoa,
basi anabisha hodi kwa jirani, nyumba ya makumi,
anapewa kumi, anarudi kwake akiwa kumi na mbili,
anatoa tano, maisha yanaendelea.
Watoto arobaini na mmoja, darasa la pili, zamu ya mchana,
makoti mwilini kwa sababu mabomba ya joto
yanakohoa tu, hayapashi,
wakaandika, ncha za ndimi nje.
Dashnyam akainua mkono.
"Mwalimu, analipa lini?"
"Nani?"
"Mbili. Kakopa kumi."
Nikacheka. Halipi, nikasema, hii ni hesabu tu.
Yeye hakucheka.
Kazi ya nyumbani: maswali manane ya kutoa.

Jumanne, imla: farasi, theluji, shangazi.
Enkhtuul alisinzia juu ya daftari,
akaamka na farasi shavuni, kaandikwa kinyumenyume.

Jumatano Ulaanbaatar haikuonekana.
Moshi wa makaa ya mawe ulilalia vilima vyetu,
redio ikatangaza: shule zimefungwa, watoto wabaki nyumbani,
yaani wabaki kando ya jiko lile lile linalofuka.
Nikasahihisha kwa taa, saa nne asubuhi.
Daftari la Dashnyam lilinuka mafuta ya kondoo.
Nane kwa nane, yote sahihi. Lakini chini ya kila jibu,
kwa herufi ndogo kama punje za mtama:
Mbili anadaiwa kumi.
Nne anadaiwa kumi.
Sifuri, hana kitu kabisa, anadaiwa kumi.
Na mwisho wa ukurasa, mstari uliopigwa kwa rula:
Jumla themanini. Bado.

Kalamu nyekundu ikabaki hewani.
Kukopa arusi, kulipa matanga:
mtaala haukuniambia
hilo lina alama ngapi kwa mtoto wa miaka saba.

Alhamisi tulisoma kwa sauti habari za ngamia,
nusu ya darasa ikikohoa penye kila nukta.
Jioni nikapita dukani kwa Sarantuya kuchukua mkate.
Akavuta daftari lake la buluu, lile lenye kamba,
akalamba kidole, akafunua.
"Mwanafunzi wako alikuja Jumatatu kuchukua unga,
akaniambia madeni hayalipwi, ni hesabu tu,
Mwalimu kasema."
"Ukamjibu nini?"
"Nikamwonyesha jina la baba yake."
Akaandika mkate wangu, taratibu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.
"Kisha nikamwonyesha lako."

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza
mbili na nne na sifuri, wamejipanga foleni kwenye theluji.

Ijumaa nikafuta ubao wote.
Nikasema: leo tunahakiki.
Kumi na saba, jumlisha kumi na tano.
Saba na tano ni kumi na mbili; mbili anabaki nyumbani,
na ile kumi, tazameni, inatoka mlangoni,
inavuka uwanja, inarudi kwa makumi.
Thelathini na mbili. Kila mtu ana chake.
Nilikuwa naongea na darasa zima
nikimwangalia mmoja.
Dashnyam alikunja uso kama mtu anayehesabu chenji.
Akafungua ukurasa wa Jumatatu, akatoa kifutio
kilichobaki ukubwa wa jino,
akafuta deni, akapuliza, akafuta jingine.
Nilikuwa nakusanya makoti yaliyosahauliwa
nilipopita dawati lake.
Saba zilikuwa zimekwenda. Moja ilikuwa pale pale.
"Na hii?"
Akafunga mkoba, akavaa kofia yake ya manyoya,
akashusha masikio yake, akafunga kamba chini ya kidevu.
"Hiyo nimekuachia, Mwalimu,"
akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetunza siri ya mwenzake.
"Mpaka mwisho wa mwezi."