Vibati

Miaka ishirini na mbili nilikaa kwenye dirisha la chumba cha taa,
Mgodi wa Valea Rece.
Mkono wa kulia unatoa taa,
wa kushoto unapokea kibati cha shaba,
namba yake imegongwa kwa nyundo.
Ukishuka, nakitundika kwenye msumari wako.
Ukipanda, unakichukua, unakwenda kulewa.
Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu, wala sikuisomea:
msumari wenye kibati
ni mtu aliye chini.

Siku ya mwisho king'ora kililia saa nane mchana,
kikanyamaza, kikalia tena,
kana kwamba kimekumbuka kitu.
Shimo likazibwa kwa zege na hotuba.
Mimi nikabeba ubao, misumari mia nne na sita,
Costache wa ghalani akageuza uso asione.

Leo kaja kijana wa Ofisi ya Maendeleo ya Mkoa,
viatu vyake havijaonja matope ya Machi.
Ukumbini hita moja, watu kumi na tisa,
na mbwa wa Profira.
Ukutani mstari wa kijani unapanda, unapanda.
"Wastani wa kipato," anasema,
"umeongezeka kwa asilimia kumi na moja."
Akasubiri makofi.
Mbwa akajikuna.

Nikanyoosha mkono.
Mwanangu, nikamwambia,
mchuzi ukiachwa motoni ukakauka,
chumvi hukolea.
Usije ukasema umetia chumvi.

Maana Neculai, aliyekuwa hana kitu, yuko Uhispania,
anachuma stroberi kwa magoti.
Mzee Pamfil, aliyekuwa na pensheni ya aibu, tumemzika.
Na Zamfira yuko Torino,
anawageuza vitandani wazee wa watu
wasipate vidonda,
na mama yake huku namgeuza mimi,
Jumanne na Ijumaa,
siku nyingine namwomba Mungu.
Wametoka kwenye hesabu yako, mwanangu,
na mstari wako umepanda.

Akafunga mashine yake. Hakuwa mtu mbaya.
"Basi mnataka nini, Bibi Aglaia?"
Nakiri, sikuwa nimejiandaa.
Ulalamishi nimeuzoea, kuulizwa sijauzoea.
Nikasema: basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda hospitali,
na liwe linarudi.
Profira akadakia: muuguzi.
Hata wa siku mbili kwa wiki, hata mkali.
Costache, kwa sauti ambayo sikujua anayo:
chumba cha taa kina paa zima,
tanuri tumejenga wenyewe, unga upo,
kibali tu ndicho kinazeekea mezani kwa mtu huko Bukaresti.
Kijana akaandika.
Kwa kalamu, kwenye karatasi. Niliona.

Sijui kama ataikumbuka karatasi ile
akishavua viatu.

Nyumbani ubao uko juu ya jiko.
Kila anayeondoka namtundikia kibati,
cha baba yake, au cha babu, kilichopo.
Mpaka jana vilikuwa mia mbili themanini na kimoja.
Watoto wa jirani hudhani ni mapambo.

Usiku Zamfira akapiga simu.
Nikamwambia habari ya tanuri, na muuguzi,
kama kibali kitatoka, kama karatasi haikupotea.
"Mshahara?"
Hata nusu ya huko haufiki, nikasema.
Kimya. Nikasikia lifti ya Torino
ikifunguka mahali fulani nyuma yake.
"Mama je?"
Amelala kwa ubavu wa kushoto. Amekula viazi.
Kimya tena, kirefu, wa kulipia yeye.
"Huo unga," akasema, "ni wa ngano ya wapi?"

Nilipokata simu nikasimama mbele ya ubao.
Namba mia na kumi na nane.
Nikaigusa, ikayumba, ikagonga jirani yake,
mlio mdogo kama wa kijiko kikombeni.
Vidole vyangu vilitaka kuitoa.

Lakini taratibu ya chumba cha taa naijua:
kibati hakishuki msumarini
mpaka mwenyewe asimame dirishani
na uso wake uuone.