Mengineyo

Ajenda ya kwanza: mechi ya Jumapili.
Ya pili: basi la kwenda Thika, nani amelipa, nani ameahidi.
Ya tatu: ngoma moja imepasuka.
Ya nne, ya mwisho, niliiandika kwa herufi ndogo
kama mtu anayemficha mgeni jikoni:
mengineyo.

Mimi ni katibu wa mashabiki wa Mwewe, tawi la Jericho,
mwaka wa sita sasa. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko.
Tunakutana Alhamisi nyuma ya duka la vyuma la Muthengi,
katikati ya mabomba na mifuko ya simiti,
na kila Alhamisi, kabla sijamaliza ya kwanza,
Gacheru ameshainua mkono.

"Kabla hatujafika mbali, Katibu."
Basi ni kware. Mayai ya kware na ugonjwa wa presha.
Wiki nyingine ni ploti za Joska, mawe ya mipaka yameshawekwa.
Wiki nyingine ni bomba la maji lililokatwa,
na kwa msumeno wa nani.
Tunaijadili penalti tuliyonyimwa, watu wamesimama, mate yanaruka,
na Gacheru anauliza kama kuna anayemjua fundi wa friji.

Mimi nilikuwa natabasamu.
Nilikuwa naandika: imesikika.

Aliyesimama ni Opondo,
mpiga ngoma, anayelala na jezi.
Akasema mbele ya watu thelathini na mmoja:
"Wewe tangu Machi hujakanyaga uwanjani.
Hata golikipa wetu humjui jina.
Kwako hapa ni soko, si timu."

Mtu aligusa bati, likalia.
Gacheru akachukua trei yake, akapita kati ya mabomba
polepole, kama apitavyo yeyote
aliyebeba mayai.

Kosa la Opondo lilichukua nusu dakika.
Langu nililiandika.
Neno kwa neno, kwa ule mwandiko,
na Alhamisi iliyofuata nikalisoma kwa sauti
kwa kuwa kumbukumbu husomwa,
kisha nikauliza kama desturi: nani anathibitisha?
Mikono ikabaki mapajani.
Gacheru alikuwa amerudi. Kiti cha nyuma, karibu na rangi.
Nilimwona akilisikia mara ya pili.

Mutheu ndiye aliyesema:
"Katibu, aibu haihitaji nakala."

Nikapiga mstari kwa rula.
Wino bado uko chini yake,
hata leo, ukiinamisha ukurasa kwenye taa.

Tangu hapo nina viti viwili vya plastiki huko nje,
pale vijana wa Muthengi wanapokata vyuma.
Ukichukizwa na mwenzako tunatoka naye,
nyinyi mnakaa, mimi nasimama.
Ule msumeno unalia hivi kwamba huwezi kumtukana mtu akusikie
mpaka umsogelee sikioni,
na ukishafika hapo, karibu na jasho lake,
karibu na kovu ambalo hukujua analo,
tusi linakuwa zito kidogo mdomoni.
Opondo alimsogelea. Sijui alisema nini.
Ya nje siyaandiki.

Na mengineyo nimeyapa nusu saa yao, mwishoni.
Gacheru anasubiri, mkono ameukalia ili usipande.

Juzi tulikuwa tumefungwa tatu bila.
Ajenda ya kwanza ikaisha kwa dakika nne,
hakuna aliyetaka kuitazama usoni.
Mengineyo ikala kurasa mbili:
karo ya binti wa Opondo, friji ya Mutheu
(fundi amepatikana, yuko Maringo, habebi bei),
kikohozi cha Muthengi kisichopona.
Saa tatu kasoro, wengine wameshavaa makoti,
Gacheru akasimama. Hakuwa na trei.
Akasema anaomba kuuliza tu,
kama kikao kitamruhusu,
golikipa wetu anaitwa nani.

Opondo akamjibu. Jina lote, mpaka la babu.
Nikaandika.