Upande wa Pili wa Karatasi

Jumatatu Avoka Zihindula alileta kurasa nne za mkono,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua ya Kadutu.
Nikawasha mashine, nikapiga chapa:

Intaneti si simu.
Mamlaka ilipewa simu, ikapewa redio, ikapewa masafa;
intaneti haikutajwa mahali popote.
Ni habari tu zinazopita, kama gazeti mkononi mwa msomaji,
na nani amewahi kumwomba ruhusa mwenye barabara
ili asome gazeti?
Kwa hiyo faini ifutwe. Kwa hiyo Mamlaka ikunje mkono wake.

Kurasa nne, franga elfu mbili. Alilipa.

Alhamisi akarudi, viatu vina tope jekundu la Bagira,
hana kurasa, ana sentensi moja mdomoni:
"Mama Nabintu, fungua ile ya Jumatatu."

Kwa Kifaransa, anayekana huweka maneno mawili,
moja mbele ya kitenzi, moja nyuma,
kama polisi wawili waliomshika mtu mikono.
Hao polisi, akasema, watoe wote.
Nikawatoa. Kitenzi kikatembea huru.
Kwetu ingetosha herufi moja:

Intaneti ni simu.
Inapanda mnara uleule wa Nguba,
inakunywa mafuta ya jenereta ileile,
masafa yake yanachotwa katika kapu lilelile.
Mwenye neno ni Mamlaka, na Mamlaka peke yake.
Watu mia tatu na sita wa Bagira wanaodai mega zao
wamebisha mlango usio wao. Tribinali ijitoe.

Vidole vikasita.
"Avoka, hizi mbili hazitagombana?"
Akacheka, mcheko wa mtu aliyekwisha kula.
"Zitagombania wapi? Moja inakwenda Kinshasa,
nyingine inabaki hapa. Karatasi hazina miguu."

Katika wale mia tatu na sita yumo Mwa Cibalonza,
anayeuza sambaza pale chini ya ngazi zangu.
Alinunua mega za mwezi mzima, jioni.
Usiku umeme ukakatika, simu ikafa.
Siku ya tatu umeme ukarudi, akaiwasha:
mega zimeliwa zote, hata makombo.
Ameniuliza mara ngapi sijui:
zililiwa na nani, simu ikiwa maiti?
Mimi mpiga chapa, nitajibu nini.

Ile ya Kinshasa nilijaribu kuituma.
Kaduara kakazunguka, kakazunguka.
Hoja kwamba intaneti si simu
ilikataa kupanda kilima,
na mega zangu zikaisha kabla nusu yake haijafika.
Avoka akaichukua kwenye flashi,
akampa binamu yake anayesafiri.

Ile ya hapa nikaichapa.

Rimu ya karatasi siku hizi ina bei ya kuku.
Kurasa zilizotoka na wino hafifu sizitupi,
nazigeuza upande mweupe na kuchapa tena;
wateja wote wanajua, hakuna aliyewahi kulalamika.
Za Jumatatu zilikuwepo nne, hafifu kidogo,
zinasomeka.

Sijui sheria. Najua bei ya rimu.

Avoka alitia sahihi amesimama, simu sikioni,
akigonga muhuri mmoja baada ya mwingine,
hakugeuza hata ukurasa.
Nikabana pini. Nikalamba bahasha.
Mwanangu akaifikisha kwa karani kabla ya saa tisa.

Kesi ni Jumatano.
Nasikia jaji Kaningini macho yamemchosha,
hawezi kusoma mezani;
kila karatasi huiinua dirishani,
na dirisha lile linatazama ziwa,
asubuhi mwanga wake ni mwingi mno.