Gauni, kwa Ukucha wa Mwashi

Mama yuko Rostov, anasugua ngazi za watu.
Ruhusa hajapewa. Kwa hiyo nimekuja na baba
katika duka la Bi Hripsime, hapa Gyumri,
mwezi wa tatu, theluji ya mwisho imekuwa tope mlangoni.

Baba amevua viatu bila kuambiwa.
Amesimama juu ya zulia kwa soksi, moja ina tundu,
mikono nyuma, kama mtu aliyeikuta ibada katikati.
Vumbi la jiwe jeusi limemkaa kwenye mikunjo ya shingo.
Hata akioga, haliishi.

"Nyeupe gani?" Bi Hripsime anauliza, na kuzitaja:
ya maziwa, ya krimu, ya pembe, ya ganda la yai.
Baba ananitazama. Mimi namtazama Bi Hripsime.
Kwetu nyeupe ni moja tu: ile ya kufuliwa peke yake.

Gauni la kwanza lilinimeza.
La pili lilijaa shanga, nikipumua linalia
kama mfuko wa misumari
(maneno ya baba hayo, ya kwanza tangu tuingie).
La tatu nilikwama, kichwa ndani, mikono juu,
gizani, wawili wakinivuta kila mmoja na upande wake,
nikacheka hadi zipu ikakata tamaa.

La nne halikuwa na kelele.
Mikono mirefu. Vifungo kumi na tisa mgongoni,
vyote vimevikwa kitambaa.
Bi Hripsime alirudi nyuma hatua mbili, akanyamaza.
Muuzaji akinyamaza, shika mkoba wako.

Baba hakutazama kioo. Alipiga goti,
akalishika pindo, akaligeuza ndani nje,
akapitisha ukucha juu ya mshono
kama anavyoupitisha penye ungio la mawe mawili
kuona kama upepo utapata njia.
"Nani alishona?"
"Mimi. Na dada yangu, kabla macho hayajafifia."
"Hapa mkono umebadilika."
"Ndipo alipoacha."
Jiko la gesi liliunguruma pembeni.
Hakuna aliyeongeza neno.

Simu ikalia. "Niko ghorofa ya saba," mama akasema,
"nina dakika kumi."
Picha iligoma; uso wake uliganda nusu,
kisha ikabaki sauti.
"Seyran, niambie likoje."
Baba, ambaye hutoa sentensi tatu Jumatatu
akazitumia hadi Ijumaa,
aliishika simu kwa mikono miwili.
"Ni jeupe."
"Najua ni jeupe, Seyran."
"Knarik. Unaikumbuka ile nguzo ya kanisa,
ile iliyobaki wima mwaka wa tetemeko?"
Kule Rostov ndoo iliburutwa, ikasimama.
"Basi. Hivyo. Halijaegemea kitu."

Nikasikia mama akivuta kamasi.
Yeye aliolewa ndani ya kontena la chuma,
kwa gauni la kuazima, likarudishwa asubuhi yake
na doa la komamanga kifuani.
Doa lile walililipa kidogo kidogo
hadi nilipoanza kutambaa.

"Kukodi ni dramu elfu themanini," alisema Bi Hripsime.
"Kununua..."
"Tunanunua," baba akasema, magoti yakimlia akiinuka.
"Hili halirudi."
Kisha akasikia bei, akaketi.
Akautazama mlango kwa muda.
"Kizingiti chako kimepasuka. Maji yanaingia."
"Nimeyaona."
"Nitakuwekea kipya. Jiwe moja, zima."
Bi Hripsime alihesabu kwa vidole chini ya meza,
akapunguza, si sana.

Tulilibeba hadi kwenye gari, baba mbele, mimi nyuma,
koti lake likiwa juu yake lisiguse mifuko ya saruji.
Penye taa nyekundu ndipo aliponena:
"Vifungo kumi na tisa.
Mama yako asipopewa ruhusa, nani atakufunga?"
Niliviangalia vidole vyake kwenye usukani,
vinene, viwili havina kucha.
"Anza kujizoeza," nikamwambia.
Taa ikawa kijani. Nyuma yetu walipiga honi.
Baba alikuwa anahangaika na kifungo cha shati lake.