Funguo Kumi na Moja

Baba aliacha funguo kumi na moja
kwenye kipete cha waya wa baiskeli,
bila alama, bila maelezo,
na deni la sukari dukani kwa Nakibirige.

Alikuwa fundi wa vitasa. Kiswahili chake
alikiokota karakana ya reli, Nsambya,
pamoja na tupa mbili na kikohozi.
Mlango, alikuwa akisema, hauulizi
bawaba ina dini gani.
Sisi tuliouliza tuliambiwa tukalete maji.

Siku ya kumzika walikuja mchungaji, padre na shehe,
wakapishana kistaarabu chini ya turubai,
tafadhali anza, la, anza wewe,
mpaka mvua ikaamua.

Basi Jumatatu nikavaa funguo shingoni
nikapanda Namirembe.
Matofali mekundu, kuba limekaa
kama chungu kilichofunikwa kisipoe.
Mzee wa kanisa, miwani imefungwa uzi, akanikazia macho:
Erisa? Binti wa Erisa wa tupa?
Akanipeleka mlango wa ubavuni.
Hakuna ufunguo ulioingia. Walishabadilisha kitasa,
mwaka gani hakumbuki,
kipya kinang'aa, hakina historia.
Ila komeo ni lile alilolinyoosha yeye.
Nikaligusa. Baridi
ya kiganja chake alfajiri, akituamsha shule.

Rubaga, Sista Petronila alikuwa akikunja vitambaa vya altare.
Mbona Kalooli hakuja mwenyewe? akauliza.
Sikuwa na jibu fupi.
Ufunguo wa nne ukaingia kabati la sakristia,
ukasita,
ukageuka.
Ndani: visigino vya mishumaa, ubani ulioshikana,
na kipande cha msasa kilichokunjwa mara nne.
Nilimjua kwa ule mkunjo.
Nikakiomba. Sista akatazama pembeni,
yaani chukua.

Saa saba, jua limesimama utosini.
Kijana wa boda akauliza: kanisani au msikitini?
Nikamwambia, wewe endesha.

Kibuli ni nyeupe hata ukifumba macho.
Nilivua viatu, nikavipanga, nikavipanga tena.
Hajji Zubairi alizishika funguo moja moja
kama anayehesabu tasbihi ya mtu mwingine.
Swaibu, akasema. Alikuwa akija Ijumaa,
akikaa safu ya nyuma kabisa, jirani na mlango.
Kusali?
Mlango ulikuwa unalia, akasema.
Akanyamaza, akanirudishia kipete.
Lakini uliacha kulia mwaka ule wa kwanza,
naye akaendelea kuja.

Hekalu la Wahindi kule mjini, mlinzi alinikatalia.
Haki yake. Mwanamke jasho tupu,
kishada cha funguo mkononi, mlangoni pa Mungu:
hata mimi ningejikatalia.
Nilisimama ng'ambo ya barabara
nikitazama mawe yaliyochongwa, nikijiuliza
kule ndani walimwita nani.

Erisa. Kalooli. Swaibu.
Kila kilima na jina lake, na kote aliitika.
Nilikwenda kutafuta uongo wake uko wapi.
Sikuupata. Nilipata milango
inayofunguka taratibu, bila kelele,
watu wakiingia na mizigo yao
wasijue ni nani aliyewapunguzia mmoja.

Nimerudi giza limeshaingia Katwe,
miguu imevimba, funguo kumi hazijapata kwao.
Nikasukuma mlango wetu, ukalia
kama ulivyolia miaka yote ya utoto wangu,
ukelele mrefu, wa aibu, mtaa mzima unasikia.
Fundi wa nyumba za Mungu
wa kwake hakuwahi kuutia hata tone.

Nilimwambia mama: kesho nanunua mafuta.
Alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa.
Uache, akasema.
Ndivyo nilivyokuwa nikijua amerudi.