Thumuni

Ndege hii ina mafungu manane na wenyewe saba.
Bwana Ramji wa viwanda vya minofu ana robo,
lakini husema "thumuni mbili", zisikike nyingi.
Mama Kokushubila wa kahawa ana moja.
Moja ni ya wachoronga miamba wa Geita,
moja ya mfanyabiashara wa mabondo
ambaye hunusa viti kabla ya kukaa,
kana kwamba samaki wake wamemtangulia.
Wengine siwajui. Hupanda na miwani myeusi,
husinzia hata Saa Nane hatujaipita.

Mimi ndiye ninayejua gurudumu la kushoto
linavyochelewa, sekunde mbili nyuma ya la kulia,
kama mtu anayevua kiatu huku anasalimiana.
Ninaujua mlango unaotaka kupigwa bega.
Ninazijua asubuhi za wadudu wa ziwa,
wanavyoinuka kama moshi upande wa Igombe
na kuja kujibandika kwenye kioo,
Masatu akiwasugua kwa ndoo ya sabuni
na matusi ya Kijita.
Katika yote hayo sina hata ushuri.

Barua ilikuja Jumanne.
"Kuhuisha kundi la ndege," iliandikwa hivyo.
Mke wangu, akisoma begani kwangu,
alidhani ni habari za kuku.
Mbili za pangaboi zitauzwa, jeti tatu zitakuja,
vioo vitupu, hazina saa hata moja yenye mshale,
zinafika Nairobi chai haijapoa.
Marubani watakaohamia humo: sita.
Tuko kumi na mmoja.

Tukapiga hesabu kantini, nyuma ya risiti ya sato.
Kapteni Rwezaura anastaafu Juni, tukamtoa.
Nyanjige ana cheti cha jeti tayari,
alikilipia kwa shamba la mpunga la baba yake kule Magu;
huyo hatukumgusa.
Tuliobaki tukaangaliana.
Atakayechukuliwa atasomeshwa Johannesburg,
kisha atatia saini ya miaka minne,
na akiondoka mapema atalipa
fedha inayozidi nyumba yangu ya Nyamanoro.
"Hiyo si ajira," akasema Rwezaura, "hiyo mahari,
na bibi harusi ni wewe."
Gazeti la mezani lilisema dunia ina uhaba wa marubani.
Tuliligeuza, tukafutia mchuzi.

Mama yangu alikuwa na kopo la sarafu zilizokufa.
Ndani yake, thumuni, senti hamsini yenye sungura.
Ilinunua andazi zamani. Sasa hainunui hata harufu yake.
Nimekuwa nayo mfukoni wiki nzima,
naisugua kwa kidole gumba, sijui namsihi nani.

Mteja wa ile kuukuu alipatikana Bunia.
Wakaniita mimi niipeleke, peke yangu,
kwa kuwa, walisema, mmezoeana.
Masatu aliiosha mara mbili. Hakuaga.
Alikung'uta ndoo, akaenda zake kivulini.

Niliruka saa kumi na mbili na robo,
viti nyuma yangu vimefungwa mikanda, havina watu.
Wenyewe saba walikuwa wamekwisha lipwa jana,
mnunuzi hajatia saini mpaka tutue.
Nikalifikiria hilo juu ya maji.
Kwa dakika arobaini, hadi visiwa vya Ssese,
haikuwa robo ya mtu wala thumuni ya mtu.
Ilikuwa ndege nzima,
na mimi ndani yake.

Nilitaka kuiacha sarafu chini ya kiti.
Kisha nikaona hapana,
andazi ni andazi, hata lililoliwa zamani.

Entebe wakaniuliza idadi ya abiria.
Nikajibu: hakuna.

Orodha ya wale sita itatoka Ijumaa.

Bunia, chini ya mawingu, nikashusha magurudumu.
Taa ya kijani. Taa ya kijani.
Ya tatu nikaingoja,
kama ilivyo kawaida yake.