Punguza Chumvi

Mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne.
Muuguzi anabandua mkanda, krrr,
anaandika bila kumtazama mama usoni,
maana uso wa mama una duara za chale kuzunguka macho
na watu wa mjini wakiziona hawajui watazame wapi.
"Apunguze chumvi," ananiambia mimi,
kana kwamba mama ni mzigo nimeubeba mgongoni.

Chumvi!
Nenda kamweleze mwingine habari za chumvi.
Mama alizaliwa chini ya mlima Hanang,
utotoni aliikwangua Balangida ziwa linapokauka,
akaifunga kwenye ngozi, akaipandisha punda,
ng'ombe wakailamba kiganjani mwake
hadi kiganja kikawa laini kama sikio la ndama.
Presha hakuwa nayo.
Presha aliikuta Arusha.

Nilikuja kuijua nami, nilipoanza kuhesabu.
Saa moja na nusu asubuhi, dirishani:
Jina? Udangashega.
Nani? Udangashega.
Karani anacheka na mwenzake, chapati mkononi,
kisha anaandika la mkato: Mama Mang'ati.
Neno la Kimaasai hilo. Maana yake adui.
Faili letu lina namba, lina tarehe, lina muhuri wa zahanati,
linamwita adui,
halafu linamwuliza anaumwa wapi.

Na benchi. Mama akikaa, benchi linarefuka.
Mwenye kitenge cha njano anavuta mkoba, anavuta mtoto,
anajivuta mwenyewe.
Mama anajifanya anasoma bango la malaria.
Mama hajui kusoma.

Sombetini, mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima,
jirani zetu walitoa ya miezi mitatu.
"Ninyi mnahamahama," alisema,
akihesabu noti za mama mara mbili, mbele ya mama.
Usiku ule niliusikia moyo wake
kupitia godoro.

Baadaye hakurudi kliniki. Akasema nauli.
Nauli ilikuwepo, niliiona kwenye fundo la khanga.
Vidonge alinunua duka la kona, vya kuhesabu,
akavikata kwa kisu cha mboga:
nusu ya leo, nusu ya siku atakayotukanwa.
Ikawa hivyo mpaka alfajiri moja kikombe kilipoanguka,
na mkono wa kushoto ukakitazama tu pale sakafuni,
umesahau kazi yake.
Ulikumbuka kabla ya adhuhuri.
Mimi sijasahau.

Mjomba Gidamesi akaja toka Basotu, na kibuyu cha maziwa.
Wakakaa, wakaongea lugha yao hadi taa ikachoka,
wakamcheka dume mmoja aliyekufa kabla sijazaliwa,
mama akicheka hadi bangili za shaba zikigongana.
Nyama aliitia chumvi kwa mkono uleule, bila kupima.
Nikaazima mashine kwa Mama Nanyaro, nikamfunga mkanda.
Mia moja arobaini na moja kwa themanini na sita.
Nikadhani imeharibika.
Nikajipima mimi, nikampima mjomba, nikarudi kwa mama.
Arobaini na moja tena.

Sijui muuguzi angeandika nini hapo.
Hakuna kisanduku chake kwenye kadi.

Jumanne, tarehe ya kadi. Dirisha lilelile.
Nilifungua mdomo, mama akanibana kidole.
Akainama mpaka midomo ikalifikia tundu la kioo:
U. Da. Nga. She. Ga.
Polepole, kama anamkamua ng'ombe mgeni.
Karani hakucheka.
Hakuandika pia. Kalamu ilisimama hewani,
na nyuma yetu foleni ikaanza kukohoa.

"Andika, mwanangu," mama akasema. "Mimi nina muda."

Nikautazama mshipa shingoni mwake.
Ulikuwa unakimbia.